Baba Aliporudi na Mabomu Yake

Kofia ya baba niliikuta ina kuku ndani. Nilikuwa nyumbani Morogoro kwa likizo yangu ya mwaka, nikaingia stoo nyuma ya jiko kutafuta ungo. Juu ya sanduku la chuma kuku wa mama alikuwa ametulia, ameatamia mayai sita ndani ya kofia ya ngozi, ile aliyoivaa baba akirusha ndege ya mabomu katika Vita vya Kagera. Nikamwita mama.

"Mwache," alisema. "Zimebaki siku nne aangue."

Tukamsubiri kuku. Baba, mzee wa miaka sabini na saba, alikuja kuchungulia, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Hajawahi kuwa mtu wa kutunza vitu. Ndani ya sanduku mlikuwa na ovaroli yake ya urubani iliyochanika kiwiko, glavu za ngozi, ubao mdogo wa kufunga pajani aliokuwa akiandikia angani, na kitabu alimoandika kila safari aliyoruka. Mende walikuwa wameshaanza kulitafuna jalada la kitabu. Tulipokuwa wadogo hakuna aliyekatazwa kuvichezea. Kaka yangu aliwahi kwenda na zile glavu kurina asali.

Vifaranga walipotoka nilimwambia baba, "Naomba nivichukue."

"Uvipeleke wapi?"

"Dubai."

"Kwani huko hawana makumbusho yao?"

"Wanayo, lakini humo wewe hupo."

Akaenda mwenyewe kuleta kitambaa cha kulifuta sanduku.

Mimi ni msimamizi wa dobi katika hoteli moja Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege. Kwa miaka kumi na tisa nimeondoa madoa ya hina kwenye mashuka na ya mchuzi kwenye makoti ya watu wazito. Najua kitambaa gani kinataka maji na kipi kinayaogopa. Kwa hiyo sikuwa na shaka kwamba nikivifikisha salama, nitaviponya.

Uwanjani Dubai nilisimamishwa. Afisa wa ukaguzi, msichana wa huko huko, alifungua begi akaitoa ovaroli.

"Hii ni ya jeshi?"

"Ni ya baba yangu. Alikuwa rubani wa vita."

"Yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi."

Alikifungua kile kitabu kwa mikono miwili, polepole, akatazama mistari ya wino wa bluu asiyoweza kuisoma. Kisha akaikunja ovaroli vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. "Mashallah," alisema. "Yalla, pita, mama." Nilitoka pale nikitembea kama niliyepigiwa saluti.

Wakati ule nilikuwa naishi Al Muraqqabat, katika fleti niliyochangia na wanawake wengine wawili. Kazi ya kwanza ilikuwa kuua wadudu na mayai yao bila dawa itakayoharibu ngozi, na njia ninayoiamini ni baridi kali. Nilifunga kila kitu ndani ya mifuko miwili miwili ya plastiki, nikaweka kwenye friza. Siku ya tatu Mkenya tuliyeishi naye, mlinzi wa duka kubwa, alikuja chumbani kwangu.

"Nani ameweka kiatu kwa friza?"

"Si kiatu. Ni kofia ya baba."

"Na baba mwenyewe ako wapi?"

"Morogoro."

"Sawa. Basi isiguse samaki wangu."

Baada ya wiki mbili nilivitoa. Nilikwangua kinyesi cha kuku kwa kijiti cha mwanzi, nikaifuta ngozi kwa kitambaa kikavu, halafu kwa mafuta kidogo sana. Kitabu nilikipiga brashi laini, ukurasa kwa ukurasa, na ndipo nilipoanza kukisoma. Kila safari ilikuwa na mstari wake: ndege, muda, shabaha, mabomu yaliyoangushwa. Mwandiko wa baba haukutetereka hata mara moja. Ukurasa mmoja tu ulikuwa na maneno tofauti: "Nimerudi na mabomu." Sababu haikuandikwa.

Nilimpigia simu. Nikamsomea mstari ule.

"Tuliambiwa barabara ile ina magari ya adui," alisema. "Nikashuka chini nione. Nikaona mbuzi. Nikaona watu wana mizigo kichwani. Labda na askari walikuwemo, sijui. Sikuweza kubonyeza."

"Ukafanyaje?"

"Nikageuza. Kutua na mabomu ni hatari, mwanangu, nilitua kama nabeba mayai. Mkuu wa kikosi alinisimamisha mbele ya wenzangu, akaninyima ndege wiki mbili."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia hiyo, ningelazimika kuwaambia na yale niliyoyaangusha."

Sikumchimba zaidi. Lakini kesho yake kazini nilimtazama kila mtu kana kwamba anapaswa kujua mimi ni binti wa nani.

Ilibaki ovaroli. Mimi nafua, sishoni, na kile kiwiko kilitaka mkono wa fundi. Fundi wa hoteli ni dada mmoja Mganda kutoka upande wa Masaka, na Masaka vita vile viliipitia. Nilizunguka siku kadhaa kabla ya kumpelekea. Nilipomweleza nguo ni ya nani na ya vita gani, aliitua mezani.

"Mama yangu alijificha kwa migomba," alisema. Kiswahili chake alijifunza hapa Dubai. Kwao, aliwahi kuniambia, kilikuwa lugha ya askari. "Alikuwa na kaka yangu mgongoni. Alisikia ndege juu. Mpaka leo akisikia ndege, anaangalia juu."

"Nisamehe, dada. Nitatafuta fundi mwingine."

"Mimi sijasema sitashona."

Siku ya pili alinirudishia. Alikuwa ameshona kwa uzi uliochujuka rangi, aliouchomoa kwenye pindo la ndani, na ilinibidi nitafute palipochanika kwa kidole. Nikamsomea ule mstari wa kitabuni na kumsimulia alichoniambia baba. Sikumficha kwamba kurasa nyingine zilikuwa na mabomu yaliyoanguka. Alisikiliza huku akikunja foronya.

"Mpigie," alisema. "Nataka kumsalimia."

Nikampigia baba kwa video, nikampa simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Masaka."

Nilimwona baba kwenye kioo cha simu akivua miwani.

"Mama yako yupo?"

"Yupo. Ana nguvu."

"Mpe pole yangu. Mwambie imechelewa, lakini ni pole."

"Nitamwambia, mzee," alijibu. Akanirudishia simu na kwenda kuwasha pasi.

Majira ya baridi yaliyopita baba alikuja Dubai. Nilikuwa nimeshaolewa na kuhamia Al Twar na mume wangu, na vitu vya baba viko sebuleni ndani ya kabati la kioo, mbali na dirisha, kila kimoja juu ya karatasi isiyo na asidi. Aliingia, hakukaa. Alisimama mbele ya kabati na koti lake mkononi, akasoma kadi ndogo nilizoandika, moja baada ya moja. Kisha akaniomba nifungue, akazitoa glavu akajaribu kuvaa. Viungo vya vidole vimemvimba siku hizi, hazikupita.

"Nani kashona hiki kiwiko?" aliuliza.

"Yule dada wa Masaka."

Ijumaa ile yule dada alikuja chakula cha mchana, ameleta matoke na samaki wa kukaanga. Walikaa pamoja mezani, baba akimuuliza habari za migomba ya kwao na kumrekebisha Kiswahili chake bila haya. Mimi nilikuwa naingia na kutoka jikoni. Kila nikitoka nilimwona baba yangu amenyoosha mgongo, anaongea, na nilijivunia kwamba vile vitu viko kwangu, na kwamba mwenyewe yuko pale kuvieleza.