Vitu Alivyoviita Mama Smati

Mama yangu hakuwa mtu wa kusifu. Ukimpikia ugali ukaiva vizuri, alikula, akanawa, basi. Nyumbani tulisema Kinyamwezi, na katika Kinyamwezi chake chote sikumbuki akinisifu hata mara moja. Kisha kaka akaoa Ipuli, mjini Tabora, akamleta mkewe kijijini kwetu karibu na Igalula, naye akarudi kwenye kazi yake ya reli, Kaliua. Wiki haijaisha, mama akawa amepata neno la sifa, tena la Kiingereza: smati.

Nilikuwa na daftari la shule lililobakiza kurasa. Nikaanza kuandika kila alichokiita smati. Wifi alivyofunga kanga. Uwanja aliofagia, alama za ufagio zikabaki zimelala upande mmoja. Vyungu alivyopanga. Barua aliyomwandikia kaka kwa niaba ya mama. Hata jogoo aliyekuja naye kwenye tenga. Uwanja ule mimi nilikuwa nimeufagia tangu utotoni, na jogoo wetu hakuwahi kuitwa chochote ila jogoo.

"Mama, smati ndiyo nini?" nilimwuliza siku moja.

"Si unaona mwenyewe?" akasema, macho kwenye miguu yangu yenye vumbi.

Kilikuwa kijiji cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na wageni wa wilayani hawakukauka. Kila mgeni alisomewa risala. Safari hiyo ilikuwa zamu ya akina mama. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na risala yenyewe niliiandika mimi. Mama akasimama mbele ya wenzake: "Asome mkamwana wangu. Huyo ndiye smati." Wakapiga vigelegele. Nami nikapiga, nisije nikajulikana kuwa nimeumia.

Asubuhi ya mgeni, wifi alikuwa akinyoosha gauni lake jeupe kwa pasi ya mkaa. Alipotoka kuchota maji ya kunyunyizia, nikalegeza komeo la kifuniko cha pasi, nikaenda nje, nikashika ufagio.

"Mungu wangu!"

Nilipofika mlangoni, kaa lilikuwa limeangukia bega la gauni. Tundu lilitosha kupitisha vidole viwili. Wifi alitazama komeo, kisha akanitazama mimi na ufagio wangu. Mama akaingia.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi, mama," wifi akajibu. "Niliitikisa pasi kabla sijaifunga."

Mama akaichukua pasi. Akalifunga komeo, akalifungua, akalifunga tena.

Wifi alitupia kanga begani, akaenda akasoma risala yangu bila kujikwaa hata mara moja. Mgeni alimpa mkono. Mimi nilikuwa safu ya nyuma, nikiyasikiliza maneno yangu yakipigiwa makofi kinywani mwake.

Jioni tulikaa watatu tukipukuchua mahindi. Mama akasema, bila kuinua macho: "Huyu mkamwana, hata uongo wake smati."

Nilijua sasa kwamba anajua. Wifi alicheka kidogo, akasukuma mahindi upande wangu.

"Pukuchua basi, wifi, au mikono imechoka na kazi ya asubuhi?"

Nilisubiri mama aniseme. Aliendelea kupukuchua, amemwelekea wifi. Nikaingia ndani, nikalifungua daftari, nikaongeza mwishoni: uongo. Na huo pia niliuonea wivu.