Makabati Yasiyo na Vishikio

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo hivi kwamba ukitaka kugeuka usingizini inabidi utoke nje kwanza, ugeuke, halafu urudi. Hayo ni maneno ya msusi wa mlango wa pili, mwanamke mwenye mdomo usio na likizo. Mwenye chumba hakukasirika hata siku moja. Alikuwa akingoja utani kama huo apate sababu ya kumkaribisha mtu ndani ashangae.

Alikuwa fundi seremala, na mtaa mzima ulimwita Sentimita. Ukimwalika kwako, kabla hata hajakaa ameshatoa tepu mfukoni, anapima nyuma ya mlango wako, anatikisa kichwa kwa masikitiko kama daktari. "Hapa nafasi inalala bure," anakwambia. Na kweli, akishapita yeye, watu waliokuwa wanalala na masufuria miguuni wanapata mahali pa kunyoosha miguu. Kuna familia ilikuwa imeshapanga kuhama. Akawawekea rafu juu ya mlango na droo chini ya ngazi, wakaghairi.

Kwake mwenyewe ndiko alikomaliza ufundi wote. Kitanda kina droo. Meza unaikunja inalala ukutani. Viti vinaning'inia kwenye misumari. Lakini jambo lililompandisha mabega ni ukuta wa kushoto. Ulikuwa makabati tu kuanzia sakafuni mpaka darini, ila ungeambiwa ungebisha, maana milango yote ilikuwa nyeupe kama ukuta wenyewe, imebanana vizuri, haina kishikio hata kimoja. Unagusa kwa kidole, sumaku ya ndani inaachia, mlango unakuja wenyewe.

"Kha! Sentimita, umeibiwa?" msusi aliuliza siku ya kwanza kuuona. "Vyombo viko wapi?"

"Mbele yako, dada."

"Mbele yangu kuna ukuta."

"Si ndiyo raha yake!" Akagusa. Mlango ukafunguka, masufuria haya hapa, yamepangwa moja ndani ya jingine kama yanacheza kujificha. Msusi alipiga ukelele mpaka mteja wake akaja na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

Basi, maisha yakawa hayo, raha mustarehe, mpaka mama yake alipoanza kusahau.

Ilianza na vitu vya kuchekwa. Chumvi kwenye chai. Kiatu kimoja hiki, kingine kile. Halafu akaacha jiko linawaka akaenda kulala, na majirani zake wakampigia simu Sentimita wakiwa wameshamwaga maji. Hakukuwa na la kujadili. Alienda akamfungashia vitu vyake, akamleta kwake. Yeye angelala kwenye mkeka, mama kitandani. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu, mama apaone pale ni kwake. Asijione mgeni.

Kwa hiyo akafanya kile anachokijua. Alihamisha vitu vyake mwenyewe juu kabisa, akamwachia mama makabati ya chini yote. Vikombe vyake vya bluu vikaingia. Sufuria yake iliyobonyea ubavuni ikaingia. Redio, kapu la nyuzi, shuka zake, ile birika isiyo na mfuniko ambayo hakubali itupwe. Kila kitu kikapata mahali, tena nafasi ikabaki! Akafunga milango, akasimama katikati ya chumba mikono kiunoni, akajipongeza mwenyewe, maana nani mwingine angempongeza.

"Mama, tazama. Unagusa hapa. Umeona?"

Mama aligusa, mlango ukamfungukia, akaruka nyuma akicheka. "Yarabi! Baba, umefuga jini humu?"

"Jini wa sumaku, mama."

Walicheka wote wawili. Wakagusa tena na tena. Sentimita alilala usingizi mtamu kwenye mkeka wake.

Kesho yake aliporudi kutoka kazini alimkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, mkoba magotini.

"Unatoka, mama?"

"Nawangoja wenyewe, baba. Nikiwaaga ndiyo niende nyumbani."

"Nyumbani ndiyo hapa."

Mama alizungusha macho, ukuta mweupe huku, ukuta mweupe kule. "Hapa pazuri," alisema kwa adabu, vile unavyosifia nyumba ya watu.

Sentimita alijipa moyo. Ugeni tu, atauzoea. Lakini kila jioni ikawa ni mkoba na viatu, na mama akawa anapungua mwili mpaka gauni likamning'inia mabegani. Akidhani ni umri, alimwongezea chakula. Kila asubuhi kabla ya kutoka anapanga kwenye kabati lililo karibu kabisa na kitanda: mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya chai. Anafunga. Anaaga. Jioni akikuta kingi kimebaki, anasema ni hamu ya wazee.

Msusi ndiye aliyemkamata mlangoni, na siku hiyo hakuwa na utani.

"Sentimita, mama anashinda njaa."

"Nani kasema? Namwachia chakula kila siku!"

"Amekuja kwangu kuomba maji ya moto, nikamwekea na mkate. Jinsi alivyokula, ndugu yangu, nimeshindwa kumtazama."

Aliingia ndani amepandwa na hasira, hajui hata anamkasirikia nani. Alipiga mlango wa kabati kwa kiganja. Chakula hiki hapa, mkate haujamegwa, mayai na maganda yake. Mama angenyoosha mkono tu angekifikia.

"Mama, kwa nini huli? Si nilikuonyesha?"

Mama alitazama lile kabati kama mtu anayeona tundu limetoboka ukutani.

"Kumbe kuna vitu humo," alisema. Halafu akashusha sauti, akamvuta mkono asogee, maana yalikuwa maneno ya siri. "Mimi niliona ukuta, baba. Nikasema, masikini, watu wa hapa hawana kitu kabisa. Sasa nitaanzaje kuwaomba chakula? Si nitawaaibisha?"

Sentimita alikaa chini. Alielewa papo hapo, na ingekuwa heri asingeelewa. Kwa mama, kisichoonekana hakikuwepo. Wiki zote hizo alikuwa ameketi kwenye chumba kitupu cha watu asiowajua, njaa inamuuma, anawahurumia. Na aliyekifanya kitupu ni mwanawe, kwa mikono yake, tena kwa kujisifu.

Jumapili alichukua bisibisi akaanza kung'oa bawaba. Mlango mmoja, wa pili, mpaka wa mwisho. Kila alioutoa aliupeleka nje akauegemeza ukutani. Msusi alitoka na kitana chake, akakichomeka kwenye nywele zake. Akamsaidia kubeba.

Ilipokwisha, chumba kilikuwa kama soko. Vikombe, birika, nyuzi, mkate, vyote nje nje. Mama aliyekuwa amesinzia aliamka, akakaa, na uso wake ukafunguka taratibu.

"Sufuria yangu!"

"Ndiyo, mama."

"Hii iliangukia jiwe nilipokuwa na mimba ya kijana wangu. Na hivi vikombe... vilikuwa sita, kimoja alikivunja yeye huyo huyo, mtundu huyo, akakifukia nyuma ya choo akidhani sijui!" Alicheka mpaka machozi. Alisimama, akaenda kugusa kimoja kimoja, akikiita, akikisalimia. Akamega mkate, akautafuna akiwa amesimama. Hakuuliza wenyewe wako wapi. Sentimita alisimama na bisibisi mkononi, anamtazama kwa furaha. Sasa amefika, alijiambia. Sasa yuko kwake.

Mama akamgeukia. Alimtazama kuanzia viatu hadi vumbi la mbao kwenye nywele.

"Ahsante sana, fundi. Umefanya kazi nzuri. Kijana wangu akirudi atafurahi, naye anapenda mambo ya mbao."

Msusi, mlangoni, aliinama akajifanya anaokota kitu.

"Yuko wapi kijana wako, mama?" Sentimita aliuliza.

"Alitoka asubuhi. Huwa anatoka." Akatazama mlango wa kutokea, uliokuwa wazi. "Simwoni siku nyingi."

Wiki hiyo hiyo Sentimita aliacha kwenda karakana. Alihamishia meza yake ya kazi barazani, mbele kabisa ya mlango, pale ambapo mtu aliyekaa kitandani hawezi kumkosa. Wateja wakubwa walipungua, waliotaka viti na stuli wakabaki. Mama anakula vizuri, mwili umerudi, viatu havai tena mchana. Anakaa na kikombe chake anamtazama akipiga randa, na wanapiga soga kutwa. Anamhadithia habari za mwanawe, utundu wake, alivyokuwa akipima paka kwa kamba. Fundi anacheka panapochekesha.

Jua likianza kupoa, mama huchungulia njia.

"Fundi, kijana wangu hujamwona akipita?"

"Yuko njiani, mama."

"Basi usifunge mlango."

"Sifungi," anasema, na anaendelea na ubao wake.