Pesa Isiyo na Njaa

Siku ya kwanza nilipoingia kazini, katika ofisi ya uwakala wa hisa mjini Kampala, nilishika diploma yangu ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiipate. Mimi ni mtoto wa kijijini Mahagi, Kongo, niliyemalizia utoto wangu Bunia, na vita vilinitoa nyumbani nikiwa kijana mwenye shati moja. Diploma ile ya biashara na fedha niliipata kwa kulinda ghala la saruji usiku na kusoma mchana. Hakuna mjomba aliyenilipia, wala padri aliyeniandikia barua. Nayasema haya mapema ili vijana wanaonisoma wajue ninazungumza nikiwa nimesimama wapi.

Mkuu wa Ofisi alikuwa mzee mrefu aliyefanya kazi miaka mingi bandarini Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Hakuufungua ule mfuko wa plastiki.

“Unajua kusoma hesabu za kampuni?” aliniuliza.

“Ndiyo, Mkuu.”

“Vizuri. Leo hutasoma chochote. Nenda kwenye kiwanda cha sabuni kule bondeni, simama langoni mpaka jioni. Uje uniambie malori yanatoka yamejaa au matupu, na wafanyakazi wakitoka wanacheka au wamenuna.”

Nilikwenda na suti yangu ya kuazima, nikasimama katika vumbi. Jioni nilirudi nikamwambia kwamba malori yanatoka yamejaa lakini wafanyakazi wamenuna wote, hata mlinzi. Mkuu alicheka mpaka akakohoa.

“Haya, sasa fungua hesabu zao. Leo utajua mahali pa kutafuta.”

Nilitafuta, nikapata. Kampuni ilikuwa inauza sana huku mishahara ikicheleweshwa, kwa sababu deni la benki lilikuwa linaila kutoka ndani. Wateja wetu hawakununua hisa zake, na baadaye walinishukuru. Tangu siku ile sijapata kununua hisa ya kampuni ambayo sijaliona lango lake, au sijamtuma mtu ninayemwamini akalione.

Kwa wale ambao hawajakutana na neno hili: hisa ni kipande cha umiliki. Hapa kwetu tunaiita aksyo, kwa Kifaransa. Mwenye hisa ni mwenye nyumba, hata kama sehemu yake ni tofali moja tu. Nyumba ikipata wapangaji, naye anapata sehemu ya kodi, na sehemu hiyo ndiyo gawio. Nyumba ikianguka, tofali lake limo kifusini.

Soko la hisa lenyewe wakati ule lilikuwa chumba kimoja. Mawakala tulisimama mbele ya ubao mweupe, mmoja anataja bei ya kununua, mwingine bei ya kuuza, na karani anaandika kwa kalamu ya wino. Watoto wa mjini walikuwa na sauti za shule. Mimi nilikuwa na sauti ya mtu aliyewaita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Karani aliandika bei zangu kwanza, na haukupita muda mrefu Mkuu akanipa wateja wangu mwenyewe.

Alinipa pia swali moja, ambalo ni mali kubwa kuliko diploma. Kila mteja mpya, awe daktari au mwuza ndizi, Mkuu alimkalisha na kumwuliza: “Pesa hii ina njaa?”

Wengi walidhani anatania. Hakuwa anatania. Pesa ya kodi ya nyumba ina njaa. Pesa ya shule ya muhula ujao ina njaa, na ya dawa pia. Pesa yenye njaa itadai kula, na itakulazimisha uuze hisa zako siku mbaya kuliko zote, bei ikiwa chini. Isiyo na njaa inaweza kukaa kimya, ikangoja bei ishuke na ipande tena. “Hiyo tu ndiyo ya kwetu,” alisema Mkuu. “Nyingine mrudishie mwenyewe, hata kama ofisi inakosa komisheni.” Nilimwona akiwarudisha watu mlangoni huku sisi tukidai mishahara yetu. Mpaka leo sijakutana na mtu mnyofu kuliko yule.

Kutoka Kampala nilihamishiwa Nairobi, kwa sifa, si kwa kuomba. Huko bosi wangu alikuwa Mama Mkurugenzi, mwanamke mfupi aliyevaa raba ofisini na kuwatisha mameneja wenye viatu vya ngozi. Yeye ndiye aliyenifundisha mifuko ya pamoja, ile ambayo huku tunaiita fonds. Watu wengi wanaweka pesa zao chunguni, meneja ananunua hisa za kampuni nyingi, na kila mtu anamiliki vipande kulingana na alichoweka. Kampuni moja ikiugua, nyingine zinaibeba. Ni njia nzuri kwa mtu asiye na nafasi ya kusimama langoni mwa viwanda.

Siku moja nilimpelekea fonds niliyoisifia sana. Meneja wake alikuwa maarufu, picha yake iko magazetini.

“Ada yake?” aliuliza bila kuinua macho.

“Ni kubwa kidogo, Mama, lakini meneja ni hodari.”

“Wewe umekulia kijijini. Panya wa ghala hula mwaka wa mavuno tu?”

“Hapana, Mama. Hula kila mwaka.”

“Basi ada ni panya. Meneja akikosea, analipwa. Akipatia, analipwa. Niletee ghala lenye panya mdogo.”

Nilimletea mfuko unaofuata soko zima bila ujanja, ada yake ndogo. Alitia sahihi palepale, akasema, “Huyu Mkongo anasikia.” Kutoka kinywani mwake, hiyo ilikuwa medali.

Nilirudi Bunia mwenyewe, mchana, na masanduku yangu, wakati wenzangu wengi walikuwa wanatafuta njia ya kwenda Ulaya. Simu zilikuwa zimeanza kupokea mtandao vizuri, na fomu ya mteja iliweza kufika Kampala kabla ya chai ya saa nne. Nilikodi chumba katika kartie, yaani mtaa, ya Lumumba, pembeni ya duka la dawa, nikapachika diploma yangu ukutani. Kibao changu kilisema Mshauri wa Uwekezaji. Watu walinifupishia wakaniita Muzee Konseye, yaani mzee mshauri.

Mwanzoni walinicheka. Bunia ni mji wa dhahabu. Mtu wa hapa anataka mali anayoweza kuiuma kwa jino. “Weye ulienda Uganda miaka yote ile,” rafiki yangu mmoja wa utotoni aliniambia, “unaturudilia na makaratasi?” Nilimjibu kwamba dhahabu yake hailimi, haizai, na haijawahi kumpa gawio. Mwaka uliofuata alikuja ofisini akiwa amevua kofia.

Lakini jambo ninalotaka vijana walishike ni lile la akina mama wa Ngezi.

Walikuwa wafanyabiashara wa soko kuu, wakazi wa Ngezi, mtaa mwingine wa Bunia. Kiongozi wao, Mama Kavira, alikuwa mjane kutoka upande wa Butembo, mwuza vitenge. Msaidizi wake, Mama Jeannette, alikuwa wa kwetu Mahagi, mwuza samaki wa ziwa, mwenye mdomo mkali kuliko kisu chake. Wengine walileta mchele na maharage kutoka Marabo. Miaka mingi walikuwa na likelemba: kila siku ya posho, yaani Jumamosi, kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja anabeba chungu chote. Wiki ijayo anabeba mwingine, mpaka zamu inawazungukia wote. Bila likelemba nusu ya maduka ya Bunia yasingekuwepo.

Walikuwa pia na akiba pembeni. Walinijia nayo, nikawauliza swali la Mkuu wangu.

“Ile haina njaa,” alijibu Mama Kavira. “Ile inalalaka tu.”

Niliwachagulia fonds nzuri, panya wake mdogo. Wakanunua vipande kwa jina la kikundi. Baada ya miezi kadhaa soko likashuka, kama linavyoshuka mara kwa mara, na bei ya kipande ikashuka nalo. Sikuwa na wasiwasi. Ndipo nikaitwa Ngezi Jumapili baada ya misa, katika ua wa nyumba aliyopanga Mama Kavira. Wanawake wote walikuwa wameketi wakiningoja. Nikajua kuna jambo.

“Muzee Konseye,” Mama Kavira alisema, “leo miye njo ninabeba.”

“Unabeba nini, Mama Prezidanti?”

“Fonds. Siye tulishapanga. Miye wa kwanza, Mama Jeannette wa pili, kisha bengine. Mwenye nyumba anauzisha hii parsele, nyumba na kiwanja. Kama simupatii avance, sehemu ya kwanza ya bei, mbele mwezi iishe, anauzia mutu mwengine, miye na batoto tunatoka inje.”

Nilikaa kwanza. Katika miaka yangu yote Kampala na Nairobi, sikuwahi kumsikia mtu akisema ni zamu yake kubeba mfuko wa pamoja. Kosa hili lisingeweza kuzaliwa Nairobi. Lilihitaji watu ambao kwa miaka mingi kila chungu walichokijua kilikuwa na zamu.

“Mama, fonds haina zamu,” nilisema. “Ukiibeba yote, tunauza vipande vya kila mtu leo, bei ikiwa chini, na tunalipa ada ya kutoka mapema. Wenzako watabaki na pengo.”

“Na siye tubakie na mifupa ya samaki?” aliruka Mama Jeannette. “Nilisema miye! Nilisema ile makaratasi ya Uganda itatugombanisha!”

“Uko na nyumba, Jeannette,” alijibu Mama Kavira polepole. “Miye nilishakimbia mara mbili na batoto mugongoni. Sitaki ya tatu.”

 Mama Kavira alikuwa na haki kwa sheria ya likelemba, na wenzake walikuwa na haki kwa sheria ya fonds. Wote walinitazama mimi. Ningesema auze, wangepoteza. Ningesema asiuze, mjane angetupwa nje na kikundi kingevunjika. Hapo ndipo kichwa kilichofunzwa kinapolipa gharama zake. Niliuliza swali moja.

“Na likelemba ya kila posho, iko wapi?”

Walitazamana. “Tuliisimamisha,” alisema mwuza mchele mmoja. “Fonds njo iliingia pa fasi yake.”

“Kwetu Mahagi, Mama Jeannette,” nilisema, “mtu akipanda kahawa, anakula nini akingoja izae?”

“Maharage. Anaipandaka katikati ya kahawa. Kila mutu anajua ile.”

“Na nani anang'oa maharage kwa sababu amepanda kahawa?”

“Mujinga.” Akaweka mkono kinywani. “Hee! Siye njo tuling'oa.”

“Likelemba ni maharage yenu. Ndiyo inayolisha pesa yenye njaa. Fonds ni kahawa. Mama Kavira hakukosea kutaka zamu yake. Amekwenda kuichuma katika shamba ambalo halijaiva.”

Mama Jeannette alisimama. Alifungua pindo la kitenge chake, akatoa mauzo yote ya samaki ya jana na kuyaweka juu ya mkeka mbele ya Mama Kavira.

“Likelemba imeanza tena leo,” alisema. “Na Yezu anisamehe, ni Jumapili. Mama Prezidanti wa kwanza. Nani anatoa mara mbili?”

Mmoja alitoa, kisha mwingine. Mwuza mchele alituma mtu nyumbani kwake. Mama Kavira hakugusa chochote. Alifunika uso kwa leso mpaka walipomaliza. Kisha wote pamoja, na mimi katikati yao na tai yangu, tulitembea mpaka kwa mwenye nyumba. Yule bwana alipotoka mlangoni na kuwakuta wanawake wote wale uani kwake, alipokea avance bila kubishana hata neno moja.

Sitawadanganya kwamba bei ilipanda kesho yake. Ilikaa chini muda mrefu, na Mama Jeannette alinikumbusha kila aliponikuta sokoni. Kisha ikapanda taratibu, ikavuka pale tuliponunulia. Vipande tulivigawa, kila mama kwa jina lake. Ile parsele ya Ngezi Mama Kavira aliimaliza kwa zamu zake za likelemba, akajenga tofali za kuchoma, na fonds yake hakuigusa. Na tangu siku ile, kila kikundi kilichoingia ofisini kwangu nilikiuliza kwanza kama likelemba yao bado iko hai. Swali hilo Mkuu wangu hakunifundisha, wala halimo katika diploma yoyote. Nimeliongeza mimi.

Sasa nimefunga ofisi. Macho yamechoka, na simu inafanya kwa dakika kazi niliyoifanya kwa siku. Diploma imehamia sebuleni. Ninaishi kwa magawio yangu na simwombi mtu, na wale walionicheka wananisalimia kwanza. Lakini nikijipima, sioni kwamba niliwafikia watu wawili niliofanya nao kazi: mzee aliyerudisha pesa za wateja akiwa na ofisi yenye njaa, na mwuza samaki aliyefungua pindo la kitenge.

Mwezi nilipofunga ofisi, akina mama wa Ngezi waliniingiza katika likelemba yao. Ni mimi mwanaume peke yangu. Siku ya posho ya kwanza walinipa zamu ya kwanza, heshima ambayo hapa kwetu hapewi mgeni. Niliushika mfuko wa plastiki mzito wenye pesa zao, nikaanza kutoa hotuba niliyoiandaa.

Mama Kavira alinikatiza.

“Muzee Konseye, mbele ya kusema sana. Ile pesa iko na njaa?”

Nilifikiri. Nyumba ina bati jipya, watoto wamesoma. “Haina,” nilijibu.

“Basi peleka kwa fonds,” alisema, akaketi. “Na bei ikishuka, usituletee kelele.”