Blanketi Moja Njia ya Bibokoboko

Mwanahamisi binti Nasoro bin Useni. Hivyo ndivyo alivyojitaja kila alipoulizwa, jina zima, hata kwa muuza chumvi. Useni, babu yake, ndiye wa kwanza katika ukoo ule kuchonga mtumbwi wake mwenyewe hapa Baraka, kando ya ziwa, badala ya kuazima wa watu. Nasoro, baba yake, aliwatoa majini watu wa mtumbwi uliopinduka mbele ya kijiji cha Mboko, na alipoambiwa apumzike akarudi tena ziwani. Na yeye Mwanahamisi alipanda milima mpaka Bibokoboko na ndakala, dagaa wa ziwa letu, wakavu kichwani, akashuka na siagi, wakati wanaume wetu wa ufukweni walikuwa wanasema kule juu ni kwa wenye ng'ombe tu. Mimi nilipanda naye. Sikusimuliwa.

Alikuwa na ndugu mmoja, Assani, aliyeachiwa na mama yao. Assani alikwenda kuchimba dhahabu akiwa kijana wa kucheza ngoma mpaka watu wachoke. Aliporudi, mwaka wa 1954, kifua kilikuwa kimejaa vumbi la mawe. Akipanda kutoka ufukweni mpaka mlangoni, lazima akae chini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Kitu kimoja kilitushangaza. Hakutaka moto. Ukimsogezea jiko, analisukuma kwa mguu. Alikwenda kulala pale mawimbi yanapofikia, maji yakimpita mgongoni, na hapo tu pumzi yake ilitulia kidogo.

"We Assani, umekuwa kiboko?" Pulchérie alimwuliza. Pulchérie alikuwa mama wa Kikatoliki kutoka Mboko, mwenzetu wa safari, mwenye mdomo usiofungika, na kwa utani yeye na Assani waliitana shemeji.

"Kiboko iko na mwili, shemeji. Mi niko na mifupa tu."

Mwanahamisi aliwaza. Kama baridi inampumzisha, basi dawa yake iko Bibokoboko, kwenye baridi na maziwa. Nani angemlaumu? Sote tuliona ni akili.

Tukapanda, wanawake watatu na Assani, polepole kwa ajili yake. Tulikuwa na blanketi moja tu, zito, maana mizigo ilikuwa mingi, na hilo lilikuwa la kumfunika Assani. Karibu na kilele, jua likiwa bado juu, ukungu ulitufunika, kisha mvua yenye upepo. Tukajibanza chini ya jiwe. Meno ya Pulchérie yaligongana mpaka akashindwa kusema, na hiyo kwake ilikuwa ajabu. Mimi pia nilitetemeka. Assani alikaa kimya, mkono wake umetulia juu ya goti.

"Dada, ondoa hii blanketi. Inanilemea. Mi sisikii baridi."

"Kweli?"

"Angalia. Natetemeka?"

Hakutetemeka hata kidogo. Sasa sikilizeni kwa makini, ninyi mnaosoma. Kwetu, wavuvi wakirudi na mvua, anayetetemeka ndiye anayepewa nguo kavu kwanza, ndiye anayekaa karibu na moto. Tumelelewa hivyo, na baba yake Mwanahamisi ndivyo alivyowafunika wale aliowatoa majini. Mwanahamisi akamvua Assani blanketi, akamfunika Pulchérie.

"Shemeji amenipenda leo," Pulchérie alisema meno yalipotulia. Tukacheka, Assani naye.

Mvua ilipopungua tukasimama. Assani alibaki amekaa, anasema maneno ya usingizi, anamwita mama yao. Mwanahamisi alimtia mkono chini ya shati, akautoa haraka. Tumbo lilikuwa baridi kama samaki wa asubuhi. Tulimrudishia blanketi, tukamlalia pande zote mbili, Pulchérie akalia akimsugua miguu. Wafugaji waliosikia kilio chetu walikuja na machela, wakambeba mpaka nyumbani kwao, kwenye moto. Jua halijazama, Assani alikuwa amekwisha kututoka.

Hakukuwa na shehe kule. Wafugaji wakachimba, Mwanahamisi akawaonyesha upande wa kibla, akasoma Yasini mpaka pale alipokuwa anajua, akairudia hiyohiyo.

Tuliporudi Baraka alikwenda kwa Casimir, muuguzi wa dispensari, akamweleza yote. Casimir alimwonyesha jiko lililokuwa mlangoni.

"Mama, jiko la makaa likizibwa tundu la hewa, moto unapungua. Mwili pia. Hewa ikiwa haba, mwili unashusha joto lake wenyewe, ili hewa kidogo iliyopo itoshe. Kutetemeka kunakula hewa nyingi, basi mwili unaacha kutetemeka. Ndiyo maana alipenda maji. Hapa ufukweni kuna joto, hakuweza kupoa sana. Lakini kule juu hewa ni nyepesi zaidi, na mvua ilimlowesha. Joto lilishuka, na hakukuwa na kitu cha kulizuia."

"Basi hakunidanganya."

"Hapana. Kweli hakusikia baridi."

Mwanahamisi aliyarudia maneno hayo njia nzima. Tulimshika mikono.

Tangu siku ile, kila tulipofika kwenye ukungu, alisimamisha watu, akawatia mkono tumboni mmoja mmoja, na blanketi lilikwenda kwa aliye baridi, hata akisema hajambo. Wabebaji walimcheka. "Mama anapima mbuzi wa mnada!" Yeye akaendelea kwa mwingine. Kuna waliofika salama kwa mkono ule, nami nawajua.

Pulchérie hakupanda tena. Alisema blanketi lile lilikuwa linamchoma mabegani.

Mwaka wa 1959 magoti ya Mwanahamisi yalikataa mlima. Akanituma nimwite Pulchérie. Alipokuja, blanketi lilikuwa limefuliwa, limekunjwa juu ya mkeka.

"Chukua."

"Mwanahamisi, usinifanyie hivyo. Mutoto wa watu alikufa mimi nikiwa nimejifunika."

"Nilikufunika mimi. Na wewe ulimsugua miguu mpaka ngozi ya mikono yako ikachubuka. Unajua baridi ile ilivyo. Hakuna mwingine anayeijua hivyo." Akamshika mkono, akamfungua kiganja, akakiweka juu ya tumbo lake mwenyewe. "Hapa, chini ya nguo. Usimuulize muntu kama anasikia baridi. Shika. Bamama wanapanda Alhamisi, na wewe utatangulia."