Kijitaa cha mota ya maji kilivyoniumbua mbele ya Mama Neema wa Kariakoo

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu ndani mimi ni wa kusoma na kupita, miaka sasa. Leo naleta mkasa wangu. Si chai ya kutunga, na ingekuwa chai ningejipa sehemu nzuri kuliko hii mtakayoisoma.

Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Magomeni. Siku hizi nafunga sana hizi smart home: swichi za kugusa, taa unawasha kwa simu, mambo hayo. Kila kitufe kina kijitaa chake kidogo. Kwenye app unachagua kiwake wakati gani na kiwe rangi gani, ili mtu akitupia jicho ukutani ajue kitu kimewashwa au kimezimwa.

Mafundi wengi tunakidharau kile kijitaa. Tunakiweka mwishoni, tukiwa tumeshaanza kukusanya vifaa.

Sasa kuna mama mmoja wa Kichaga, nimwite Mama Neema, anauza vitenge kwa jumla Kariakoo. Anakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo moja jirani na Mnazi Mmoja. Mwenye jengo, nimwite Mzee Nassor, mzee wa Kiarabu mtaratibu sana, alisema nianze na flati ya huyo mama. Kazi ikitoka vizuri, ananipa jengo zima.

Kazi ya ukubwa huo sijawahi kuipata maishani. Nilishamtangazia mpaka mke wangu.

Mama Neema alichojali zaidi ni kitufe cha mota ya maji. Pale maji yanakuja kwa zamu, anayapandisha kwenye tanki asubuhi kabla ya kwenda dukani. Akaniambia, "Fundi, mota ikiwa inafanya kazi niwekee taa nyekundu. Ikizimwa, kijani. Nataka niione nikiwa nafunga mlango."

App inakuletea duara la rangi, unagusa unayotaka. Nikagusa nyekundu, nikagusa kijani, funguo nikamwachia mlinzi, nikaondoka zangu.

Kesho yake saa nne asubuhi, simu. Tanki limefurika, maji yameshuka ngazi zote, yameingia kwa jirani wa ghorofa ya pili. Godoro na zulia chapachapa. Jirani ameshampigia Mzee Nassor.

"Fundi, nilibonyeza kuzima, nikaangalia, kijani. Nikatoka. Kumbe haikuzima."

Nikamjibu, "Mama, labda hukuangalia vizuri."

Mtu wa umri wa mama yangu, wakuu. Nina kisirani mtu akigusa kazi yangu, sifichi. Nikaenda mpaka pale, nikawasha mota mbele yake. Si nyekundu hii? Nikazima. Si kijani hii?

Akasema, "Zote kijani, fundi. Moja imekolea, moja imepauka."

Nikasema basi app ina matatizo. Halafu nikasema wifi yake. Nyani haoni kundule.

Hakubishana. Akasema tu, "Kesho pitia dukani kwangu."

Nikajua naenda kuambiwa kazi imeisha. Mzee Nassor naye alishatuma ujumbe kwamba keshokutwa anakuja kuangalia mwenyewe, ndipo aamue kama anaendelea na mimi au anatafuta fundi mwingine.

Nimefika dukani, akatandaza vitambaa vitano vya rangi moja moja juu ya kaunta. "Nipe cha kijani." Nikampa. Akasema hicho ni cha kahawia. "Haya, nipe chekundu." Nikababaika, nikachukua kimoja kwa kubahatisha. Wateja wawili wakaanza kucheka. Mama Neema akawaomba wasubiri nje, akanivutia robota la vitenge nikae.

Akaniambia kaka yake yuko hivyohivyo. Aliwahi kutoa sare za harusi, nusu ya ukoo ikavaa kijani na nusu kahawia, na yeye akaapa zimefanana. Hapo ndipo alipojua. Nilipombishia kwenye swichi, alimwona kaka yake.

Nikakumbuka utotoni. Wabongo mnazijua zile jezi mbili zinazogawa nchi hii. Sisi tulikuwa tunacheza nazo, hawa nyekundu, hawa kijani, na mimi nilikuwa napiga pasi kwa wapinzani. Wakasema nimeuza mechi. Nikaacha mpira.

Halafu zikanijia waya, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Miaka yote naunganisha umeme kwenye nyumba za watu. Kilichoniokoa ni kimoja: Fundi Athumani, aliyenifundisha kazi pale Magomeni, alikuwa haruhusu kuunganisha waya kwa kuangalia rangi. "Fundi aliyepita alikuwa na haraka zake. Pima." Nimepima kila waya niliyogusa, wenzangu wakinicheka kwamba ni mzito. Ameshatangulia mbele za haki yule mzee. Sikumshukuru kwa hilo hata siku moja, kwa sababu sikujua.

Nikamuuliza Mama Neema, "Sasa mama, niache ufundi?"

"Kwani kaka yangu aliacha duka? Nilimwandikia jina la rangi kwenye kila robota. Anauza mpaka leo."

Jioni ile nikarudi kwake. Kijitaa cha mota nikakipanga upya: mota ikifanya kazi, kinakonyeza. Ikizimwa, kinatulia. Rangi safari hii sikugusa duara, niliandika namba ya rangi kwenye app, Mama Neema akathibitisha kwa macho. Godoro la jirani nililianika mwenyewe juu ya paa.

Mzee Nassor akaja. Baada ya salamu akauliza, "Ilikuwa nini?"

Mama Neema akawahi. "Ni mimi, mzee. Sikumwelekeza vizuri."

Wakuu, nilimtupia lawama bure, na sasa anaibeba kwa hiari yake ili nisikose kazi. Nilishindwa kunyamaza. Nikasema, "Hapana, mzee. Ni macho yangu. Nyekundu na kijani sizitofautishi. Mama hana kosa, na nilimbishia."

Mzee akaenda kukaa kwenye kochi kule mwisho wa sebule, akaomba mota iwashwe. Kijitaa kikaanza kukonyeza.

"Mimi nina mtoto wa jicho," akasema. "Rangi zenu za ukutani kwangu zote ukungu. Hiki nakiona nikiwa nimekaa hapa. Weka hivi jengo zima, ila rangi akague Mama Neema."

Nimemaliza flati ya mwisho wiki iliyopita. Mama Neema alipanda ngazi zote kukagua, moja baada ya nyingine.

Kwenye boksi langu la vifaa kuna vipande viwili vya kitambaa alivyonikatia, kila kimoja kimeandikwa jina la rangi kwa mwandiko wake. Kwa macho yangu vimefanana mpaka leo. Navisoma.

Nilichojifunza: mteja akikwambia anaona tofauti na wewe, nyamaza kwanza umsikilize. Na mwanao akipiga pasi kwa wapinzani, usimchape, mpime macho.

Mwenye yake ashushe hapo chini, nasoma zote. Ila msiniulize gari langu la kazi ni la rangi gani. Itabidi nimpigie Mama Neema.