Mpigaji wa Tano, Baada ya Sala ya Alasiri

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na miaka kumi na tano, na kazi yenyewe sikuiomba. Shangazi yangu Zuhura, mwalimu wa michezo wa chuo kimoja cha wasichana hapa Ibra, alikuja kwetu Ijumaa kula. Nilipompa shikamoo akaniuliza, "Mwandiko wako bado mzuri?"

Nikasema ndiyo.

"Na kusema bado hutaki?"

Nikamsogezea sahani. Akamgeukia baba, akasema, "Basi huyu ndiye ninayemtaka."

Kesho yake nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa uwanja wa softboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia, kitabu mapajani, nikawa mwandishi wa mchezo. Sasa nina miaka kumi na minane, nimemaliza skuli, na kazi hiyo nimestaafu. Najua neno ni kubwa kwa umri wangu na binamu zangu wamelicheka vya kutosha, lakini nimefanya misimu mitatu na sitafanya wa nne, na neno jengine silijui. Naandika haya kwa ajili ya Raya wa darasa la kumi, atakayekishika kitabu baada yangu, na wengine watakaomfuata.

Kwenye kitabu kile kila mpigaji ana mstari wake, na kila ngwe ina safu yake. Ngwe ni zamu ya kila timu kupiga mara moja, na mchezo una ngwe saba. Wanaodaka hawaandikwi kwa majina, huandikwa kwa namba za mahali wanaposimama: mrushaji ni moja, mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni mbili, na kuendelea mpaka tisa. Wa sita akiokota mpira akamrushia wa tatu kabla mpigaji hajafika kwenye beisi, kituo anachokikimbilia, unaandika 6-3, na mpigaji ametoka. Wiki ya kwanza niliandika kwa kalamu ya wino. Shangazi akaichukua, akaitia mkobani mwake. "Penseli, mwanangu. Watu hukosea, na wewe ni mtu."

Msimu wa pili nilipelekwa Sur. Pale upepo wa pwani unafunua kurasa wenyewe, ikabidi nizibane kwa vibanio vya kuanikia nguo. Na Sur ndiko nilikokutana na Mwamuzi Mkuu, mama wa Kifilipino, muuguzi wa hospitali, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha gari. Ndiye aliyenifundisha sheria nzito kuliko zote. Timu hupiga kwa mpangilio uliopelekwa kwa mwamuzi kabla ya mchezo. Mtu akipiga nje ya zamu yake, wapinzani wana haki ya kukata rufaa. Wakikata, wa zamu anahesabiwa ametoka, na pointi zilizoingia zinafutwa. Lakini lazima wakate kabla mpira haujarushwa kwa mpigaji anayefuata. Ukisharushwa, basi, kosa limehalalika.

"Na mwandishi je?" nilimuuliza, moja katika mara chache nilizomuuliza kitu.

"Mwandishi anaandika alichokiona," alisema kwa Kiarabu chake cha wodini. "Hamwambii mtu. Timu hii, timu ile, hata mimi. Wao wenyewe ndio wa kuona."

Nikajisemea, hii nyepesi. Kunyamaza ndiyo kazi pekee niliyokuwa naiweza kuliko wenzangu wote.

Msimu wa tatu mashindano ya ubingwa wa vyuo yakafanyika Nizwa, na sisi tukafika fainali dhidi ya wenyeji. Huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa Shangazi Zuhura kazini. Kombe lile alikuwa hajapata kulishika hata mara moja, na kila mtu kwenye timu alijua. Mrushaji wetu alikuwa binamu yangu Thuraya. Mwandishi alikuwa mimi, kwa sababu uwanja mzima hapakuwa na mwengine aliyejua kuandika, na kitabu kilikuwa kimoja tu.

Ngwe ya sita, pointi sawasawa, wenyeji wanapiga. Wawili wao wamekaa kwenye beisi, wawili wameshatoka, akitoka wa tatu zamu yao imekwisha. Zamu ikawa ya mpigaji wa nne. Ndipo ikaadhiniwa alasiri, mchezo ukasimamishwa, watu wakavua kofia ngumu na glavu wakaenda kutawadha.

Waliporudi, yule wa nne alikuwa bado anahangaika na pini za mtandio wake. Wa tano alikuwa keshavaa kofia. Mwenzao mmoja akamsukuma mgongoni, "Yallah, yallah, tunangojwa," na yule wa tano akaenda akasimama akapiga. Mpira ukapita juu ya kila mtu. Wale wawili wa kwenye beisi wakaingia, pointi mbili.

Nikatazama kitabu. Nikatazama uwanja. Kwenye safu ya ngwe ile, mstari wa mpigaji wa nne ulikuwa mtupu: amerukwa.

Neno moja la Shangazi kwa mwamuzi, na pointi zile mbili zingefutika. Alikuwa amesimama hatua sita kutoka nilipokaa. Akageuka, akaniona uso, akaniuliza kwa Kiswahili, ambacho pale uwanjani tulikuwa nacho sisi wa ukoo mmoja tu, "Mwanangu, mbona umepauka hivyo? Umekula kweli wewe?"

Nikainamia kitabu. Nikaandika pointi mbili kwenye mstari wa wa tano. Thuraya akarusha.

Tukafungwa kwa pointi moja.

Baada ya mchezo mwalimu wa kila timu huweka saini kitabuni. Shangazi husoma kwanza kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama kwenye mstari wa nne.

"Uliona?"

"Niliona."

"Saa ile ile?"

"Saa ile ile, shangazi."

Akatia saini. Mwamuzi Mkuu, yule yule wa Sur, naye akasoma, akanipiga bega, akaniambia mimi ni mwandishi wa kweli. Basini, tulipokuwa nyuma ya gari la mbuzi karibu na Sinaw, habari ilishaenea. "Mpeni maji bubu wetu," Thuraya akasema, "amechoka kunyamaza." Wakacheka wote. Shangazi alikuwa kiti cha mbele, hakugeuka.

Ijumaa mbili hakuja kula kwetu. Ya tatu akaja, akanikuta jikoni namenya vitunguu thomu, akavuta kiti.

"Nakuuliza, na useme kweli. Ulinyamaza kwa ajili ya sheria, au kwa kuwa umezoea kunyamaza?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui?"

"Mdomo ulikataa. Kwa nini ulikataa, ndiyo sijui. Yule mama kanisifu, na mie naona sifa zile si zangu zote."

Akachukua kitunguu kimoja akaanza kumenya. "Basi na mie nikwambie langu. Nilipokuuliza kama umekula, sikuwa na haja ya kujua umekula. Nilijua kuna kitu humo kitabuni. Ningetaka habari za tumbo lako ningekuuliza kwa Kiarabu, kila mtu asikie. Ungesema neno moja tu, kombe ningelibeba, wallahi, na usingizi ningelala."

Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kumwambia mtoto kitu kama hicho. Tukamaliza vitunguu.

Watu huniuliza kama najuta. Siku nyengine najuta, siku nyengine hapana, na sijapata kujua siku ipi nasema kweli. Ndiyo maana nimeacha: ile kazi inataka mtu anayejua kwa nini amenyamaza. Labda wewe, Raya, unajua. Ila nakuusia jambo moja ambalo hutalikuta kwenye sheria. Mimi kiti changu nilikuwa nakiweka karibu na benchi letu, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli. Wewe usikae pale. Kaa upande wa pili, juani, mahali ambapo mtu anayekupenda hawezi kukuona uso.