Mpaka wa Shamba la Isaka

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya watafiti wa nasaba, hapa Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, nilinyang'anywa kalamu mlangoni. Mkurugenzi, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, alinipa penseli.

"Wino ukidondokea hati ya kale haufutiki," alisema. "Na jambo la pili: hapa hatutafuti mababu. Tunatafuta karatasi zinazowataja."

Binamu yangu Nafula, muuguzi aliyenipokea kwake Richfield nilipotoka Kenya, alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani, dada, wenzako wote wanakimbilia hospitali, wewe unaenda kutafutia wazungu babu zao?"

Nilisomea ukutubi Eldoret, na hiyo ndiyo kazi iliyonitaka.

Miaka ya mwanzo niliwekwa kwenye rekodi za sensa. Ninyi leo mnaandika jina kwenye kompyuta na ukurasa unakuja. Sisi tulizungusha kwa mkono filamu zenye picha za kurasa hizo mpaka macho yakatoa machozi. Baadaye nilihamishiwa kitengo cha enzi za ukoloni, kabla Marekani haijawa taifa. Mkuu wa kitengo, mzee mpole, alinifundisha kusoma wosia na hati za ardhi. Mashamba ya wakati huo hayakuwa na namba. Mpaka ulielezwa kwa maneno tu: kuanzia mwaloni huu hadi kijito kile, hadi kona ya shamba la fulani.

Ndipo ikaja kazi ya ukoo wa Ashcombe, waliokuwa na mashamba makubwa ya tumbaku yaliyolimwa na watumwa huko Maryland. Bi. Ashcombe, mjane wa New Hope, karibu na hapa, alitaka kuchapisha kitabu cha ukoo wake. Tukiwa katikati ya kazi, akapata barua kutoka kwa Mzee Walter, dereva wa basi mstaafu, Mmarekani mweusi wa Columbia Heights. Kwao walikuwa wakiambiana, kizazi baada ya kizazi, kwamba wao pia ni damu ya mwenye shamba, Josaya Ashcombe. Bi. Ashcombe alituletea barua hiyo na kusema, "Mkithibitisha, ataingia kitabuni."

Kumfikisha Mzee Walter hadi kwa babu yake wa kale, aliyeitwa Isaka, hakukutusumbua. Tatizo lilikuwa Isaka mwenyewe. Katika wosia wake, Josaya alimwachia mwanawe Tomasi "mwanamke Hana na mtoto wake Isaka", katika sentensi moja na farasi. Nilisoma mstari huo, nikatoka nje, nikazunguka jengo mara mbili kwenye theluji. Miaka mingi baadaye, Tomasi alimwacha huru Isaka na kumpa kipande cha shamba. Hati haikusema kwa nini.

"Ni ndugu yake," nilimwambia mkuu wa kitengo.

"Hati inasema ardhi, Bi. Wanjala. Haisemi undugu. Andika 'haijathibitika'."

Iliniuma kwa sababu alikuwa sahihi. Nilimwomba wiki mbili. Nikaacha karatasi za Ashcombe, nikaanza kusoma za majirani, kila aliyenunua au kuuza ardhi kando ya kijito kile. Siku ya tisa nilikutana na hati ya mjane mmoja aliyeuza shamba lake, na karani akaeleza mpaka: "hadi kona ya shamba la Isaka, alilopewa na Tomasi Ashcombe, ndugu yake wa baba mmoja." Karani hakuwa akimtetea mtu. Alikuwa anapima shamba.

Mkuu wa kitengo alisoma mara tatu, akasimama, akanipa mkono.

Nilimpelekea Bi. Ashcombe nakala nyumbani kwake. Alivua miwani. "Nilitumaini hutaipata," alisema. "Nakiri." Halafu akasema, "Mwandike. Isaka, mwana wa Josaya na Hana."

Nilidhani Mzee Walter angeshangilia. Alisikiliza mikono ikiwa magotini, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa alichokijua. Kisha akauliza, "Na Hana? Yeye alitoka wapi?"

Alinitazama usoni, mimi niliyezaliwa Afrika, kana kwamba huenda ninajua kitu ambacho karatasi hazikijui. Nikamwambia sijui. Huyo Hana nilimtafuta miaka minne zaidi, siku za Jumamosi, bila kutumwa na mtu. Sikumpata.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kazi ile ilihitaji nini. Nawaambia macho, subira, na kukubali kuandika "haijulikani" pale isipojulikana. Nafula bado anacheka, ila siku hizi ananiletea wazee wa kanisani niwaandikie majina ya mababu wa kwao.

Kitabu cha Ashcombe kilichapishwa. Juu ya jina la Hana, mahali pa wazazi wake, mchapishaji alitaka kufuta mistari miwili mitupu ili ukurasa upendeze. Nilimkatalia. Hana naye alikuwa na baba, alikuwa na mama.